Sahani Nyekundu ya Baba

Juzi nilienda Gitega, mtaa wa Musinzira, kumsalimia baba mdogo wangu. Sikwenda kwa kupenda. Ndugu walinisumbua: amezeeka, anaumwa miguu, nenda ukamwone, vita vilikwisha zamani. Vilikwisha, ndiyo. Nikapanda gari kutoka Gashoho na kuku mapajani, kama mtu mwenye roho safi.

Uani kwake, kabla sijabisha hodi, niliona rundo la matofali limefunikwa na kitu kigumu kilichopauka. Nikasimama. Rafiki yangu, hata wewe ungesimama. Mtu mwingine angesema ni turubai. Kilikuwa kitambaa cha meza ya mama yangu, kile nilichokipaka rangi kwa mikono hii.

Kambini Tanzania tulikua tukila chini, watoto wote sinia moja, na aliyechelewa alilamba vidole vya bure. Mama alikuwa anatuambia, tukirudi nyumbani kila mtu atakula kwenye sahani yake, mezani. Meza yenyewe sisi hatukuijua. Aliitengeneza baba kwa mti wa musave alipomwoa mama. Baba alibaki kwenye kilima chetu, ndivyo tunavyoita kijiji, Bugendana. Waliomuua hatukuambiwa ni nani. Baba mdogo anajua. Nimesema hivyo miaka yote na hapa nasema tena: anajua.

Amani ilipokuja tulivuka mpaka, tukalala siku chache Muyinga mjini, kwa fundi Mwislamu anayechora vibao vya maduka. Nyumba yake ilinuka rangi na pilau. Mama alimsimulia juu ya meza, yule mzee akatupatia mabaki ya makopo yake na brashi zilizokwisha manyoya. Akamwambia, "Ikiwa nzito, mama, weka peteroli ya taa kidogo. Mafuta ya kula usiguse, haitakauka."

Bugendana tulimkuta baba mdogo amejenga nyumba mpya kando ya barabara, kwa pesa ya kahawa ya nani, wewe fikiria. Nyumba yetu ya zamani aliiacha ivuje. Mashamba yote alikuwa analima yeye. Lakini meza ilikuwepo humo, kwenye kona, na juu yake mviringo mweusi hapa, mviringo mweusi pale. Watu wake walikuwa wanateremsha sufuria kutoka motoni na kuzituliza juu ya kazi ya baba. Mama alipitisha kiganja juu ya zile alama.

Bashingantahe, wale wazee wanaoamua kesi za kilima, walikaa na baba mdogo, akakubali kurudisha mashamba. Kwetu neno la namna hiyo halisemwi njiani. Mnakula pamoja kwanza, mnakunywa pamoja, halafu anayerudisha anasimama mbele ya wazee na kulitamka. Likishatamkwa limekwisha. Wakasema chakula kiliwe kwetu, Jumapili.

Hapo mama akasema meza lazima ivalishwe. Sikiliza sababu yake. Hakutaka shemeji yake akae chakulani huku anaitazama ile miviringo ya sufuria, aone aibu, moyo umgeuke. Yaani alikuwa anafunika aibu ya mtu aliyetula.

Tulichukua magunia ya unga ya kambini, yale ya kitambaa, tukayachemsha na majivu herufi zitoke. Hazikutoka zote. Mama aliyashona pamoja, tukapika uji mzito wa muhogo, tukaupaka pande zote mbili na kuyatandaza kwenye majani juani. Yalipokauka yalilia kama ngoma ukiyagonga. Mimi nilisugua kwa chupa mpaka yakalainika. Harufu ya ule uji uliochachuka kidogo, pamoja na moshi wa jikoni na maharage yanayochemka, nikiisikia popote leo narudi pale mara moja.

Tulipaka nyeupe yote. Halafu mama alipindua sahani juu yake, akazungusha mkaa ukingoni, sahani moja kwa kila mtu. Yangu ya kijani. Ya mdogo wangu ya bluu, akaongeza samaki ndani yake anayefanana na kiatu. Ya baba mdogo ya njano, kubwa, upande wa heshima. Na kando yake ya baba, nyekundu, kwa sababu baba alikuwa na sahani ya bati yenye mdomo mwekundu na hakula kwenye nyingine. Tulipomaliza kila rangi tulisugua mshumaa juu yake, maji yasipite.

Nyekundu ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na kopo lake lilikuwa limeganda. Peteroli ilikuwa imeisha kwenye taa. Nikamkumbusha mama maneno ya fundi. Akasema, "Jumapili ni kesho kutwa. Baba yako akose sahani kwenye meza yake?" Akachukua mawese, akakoroga. Ilitoka nyekundu nzuri, inang'aa kuliko zote.

Jumapili alikuja na shati jeupe lenye mikono mirefu. Akaitazama meza, akacheka.

"Shemeji, Tanzania wamekufundisha uzungu. Sahani za kuchora? Tutalamba rangi?"

"Za kuchora ni za macho, shemeji. Za tumbo zinakuja," mama akajibu, na wazee wote wakacheka. "Yako iko pale. Iliyo kando ni ya mwenye nyumba."

Alikaa. Tukaleta ndizi za kupika na maharage, mboga ya lengalenga, na kuku wetu wa pekee. Alikula vizuri sana yule mtu. Aliposhiba aliegemea upande, kama watu walioshiba wanavyofanya, akashika shavu, kiwiko mezani. Mzee mmoja akagonga kikombe cha pombe ya ndizi. "Haya, mwanetu. Sema lile neno."

Akasimama, akainua mkono. Shati lilikuwa jekundu kwenye kiwiko, na doa limeshuka mpaka karibu na kifundo cha mkono. Mdogo wangu akacheka, mtoto bado.

Baba mdogo aligeuza mkono wake.

"Ni nini hii?"

"Ni rangi tu, shemeji. Ni mawese. Lete shati nifue sasa hivi."

"Mmenikalisha kando ya marehemu mnipake damu yake mbele ya wazee."

"Nani ametaja damu hapa?" mama akauliza, taratibu kabisa.

Alichukua kofia akatoka, na lile neno akatoka nalo. Alikuwa anatafuta mlango, sisi tukamfungulia. Na wale wazee? Walimaliza pombe. Wakasema kesi itasubiri hasira zipoe. Yule aliyegonga kikombe ndiye tuliyemwona baadaye akinywa kwa baba mdogo, na chifu wa kilima naye. Hasira hazikupoa. Masika hayajaisha, vijana wake walikuja wakasema meza ni ya ukoo, wakaibeba na nguo yake juu, mama akiwafuata mpaka barabarani na mikono mitupu. Tukahamia Gashoho kwa watu wa mama, tukalima mashamba ya wengine. Mama alikula chini mpaka alipokufa.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya matofali. Samaki wa mdogo wangu amefutika. Yangu ya kijani imebaki ukingo. Ya njano imelika mpaka gunia, herufi za unga zinasomeka. Watu wamekula pale miaka na miaka. Ila nyekundu ilikuwa nzima, na katikati yake ile alama, pale kiwiko kilipoburuta.

Mtoto wa baba mdogo alitoka, mtu mzima sasa, akanipokea kuku.

"Ah, dada, unaangalia hiyo? Iko ya zamani sana. Inafunika matofali tu."

"Meza yake iko wapi?"

"Iliingia mchwa, tukapikia."

"Na hapa pekundu, mbona hapajachakaa?"

"Pale baba alikuwa hataki mtu akae. Ukiegemea tu, fimbo. Hata wageni alikuwa anawahamisha. Mi sijui kwa nini."

Nikamwomba niondoke nacho. Akasema hakuna shida, akaita ndani kumwambia baba yake. Sauti ilitoka gizani, ya mzee kweli, lakini niliijua.

"Mwambie akiache hapo. Matofali yatanyeshewa."

Meza imekuwa majivu, na mama hayupo. Mashamba ya Bugendana aliyauza akahamia mjini, yanalimwa na watu wasiojua hata baba alikuwepo. Kabla sijaingia kusalimia, niliinama nikapitisha kidole juu ya sahani ya baba, nikakitazama. Hakikushika rangi. Ilikuwa imekauka.