Nilivyomfisha Baba Yangu Bomani

Haya ni ya aibu, na najua mtacheka, lakini bora myasikie kwangu kuliko kwa watu wa kijijini kwetu Miteja, maana wao wameyatia chumvi mpaka mimi mwenyewe siyatambui. Ni ya wakati wa vita vya pili, Mwingereza ndiye mtawala wetu, nami kijana mwenye darasa la nne na kimo cha kuwafikia wenzangu begani. Jeshi lilikuwa linatafuta vijana wa kwenda kusomea simu za upepo, na mimi siku moja huko Kivinje nilimwona askari amekaa juu ya sanduku anagongagonga chuma kwa kidole, nikamuuliza afanyalo, akaniambia anazungumza na mtu aliyeko Lindi. Tangu siku ile jembe likanishinda.

Masharti yalikuwa matatu: urefu (sikuwa nao), darasa la sita (nimeshasema), na mtoto wa kiume wa pekee alete ruhusa ya baba yake (nami kwetu ndiye wa pekee). Lakini karani wa boma, Bwana Abedi, aliniambia mtu anaweza kuomba asamehewe sharti, ila aandikiwe maombi mazuri. Akaketi kuniandikia. Kwenye urefu akaandika kwamba simu haigongwi kwa miguu, kwenye darasa akaandika kwamba Kizungu nakijua kidogo (nilijua kuhesabu mpaka ishirini), halafu akaniuliza, "Baba yako yuko wapi?"

"Hayupo," nikasema, maana yangu hayupo pale Kivinje.

"Hayupo, yaani ametangulia?"

Hapo ningesema hapana, yakaisha. Lakini nikamkumbuka baba yangu mkubwa, aliyechukuliwa kubeba mizigo vita vya kwanza na mpaka leo hatujaonyeshwa kaburi lake, nikajua ruhusa sitaipata, basi nikainamisha kichwa. Bwana Abedi akanipa pole, akaandika.

Siku ya tatu tukaitwa mbele ya boma, watu wamejaa, afisa wa Kizungu mezani na mkalimani wake pembeni. Yakasomwa maombi yangu: urefu nimesamehewa, darasa nimesamehewa. Kufika kwa baba, yule afisa akavua kofia akasimama kimya, na watu wote wakaitikia, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Nami nikaitikia pamoja nao (ningefanyaje?). Nikapewa karatasi yenye mhuri.

Nisilolijua ni kwamba katika watu wale alikuwamo jirani yetu, Mzee Mchopa, aliyekuja Kivinje kuuza mikeka. Hakungoja mtu, alipanda baiskeli yake akaenda moja kwa moja Miteja.

Mimi nilifika nyumbani kesho yake alasiri, naenda kuaga. Nikakuta wanawake wamekaa uani wamejitanda kanga, sufuria za wali zimeinjikwa, na mama macho yamemvimba. Kumbe baba alikuwa na siku nne shambani bondeni anafukuza nguruwe, hakuna aliyemwona, kwa hiyo habari ya Mzee Mchopa iliaminika. Asubuhi ile watu wanne walitumwa bondeni na jeneza kumfuata maiti, wakakutana naye njiani kajitwika mahindi. Wawili walikimbia.

Baba alikuwa ameketi barazani na shehe. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu kwenye msiba wangu," akasema, taratibu kabisa. "Mama yako amenililia tangu jana. Kesho tutakwenda Kivinje."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Tulipofika, vijana walioandikishwa walikuwa wamepanga mstari. Mkalimani akamuuliza baba yeye ni nani na ana shida gani.

"Mimi ndiye marehemu," baba akajibu.

Mstari mzima ukaangua kicheko. Bwana Abedi akaingia ndani akafunga mlango. Afisa hakucheka, alinyoosha mkono nikamrudishia karatasi, akasema maneno yake na mkalimani akayatafsiri: "Ufupi nilikusamehe, na elimu nilikusamehe. Lakini kwenye simu mtu mmoja husikia neno, na wenzake mia huliamini bila kumwona uso. Wewe watakuaminije?" Akachora mstari juu ya jina langu.

Nilidhani baba atafurahi. Akabaki amesimama, kofia mkononi, akamwambia mkalimani, "Mwambie Bwana kwamba ruhusa ningempa. Mwanangu hakuniuliza."

Mkalimani akaeleza. Afisa akatutazama wote wawili, akatikisa kichwa, akaita jina la mwingine.

Njiani baba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilibaki Miteja nikalima mikorosho, na mama alikaa muda mrefu hajaniamini tena, akawa kila nikimpa habari ya mtu kuumwa anatuma mwingine akahakikishe. Nimeomba mambo mengi maishani tangu wakati ule, mengine nikapewa na mengine nikanyimwa, lakini sijamwandikisha tena karani lolote ambalo sikuthubutu kwanza kumuuliza mhusika mwenyewe, ana kwa ana, hata kama jibu lake ninaliogopa.