Vistari vya Besi

Truphena Aluoch ana kibanda cha kuchapa karibu na mahakama ya Makadara, na mawakili wanamjua kwa usafi. Akiona doa dogo tu kwenye hati ya kiapo, anachapa upya. Sisi wanakwaya wenzake wa Makongeni tuliusifu usafi huo mpaka ukatutokea puani.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mzee Nahashon, karani mstaafu wa reli, aliziandika nyimbo zake kwa herufi za solfa, zile za do-re-mi, kwenye programu ya kompyuta ambayo siku hizi haiko tena. Wimbo mmoja hatukuwahi kuuimba. Aliutunga wakati mkewe alikuwa mgonjwa, na baada ya kumzika akashindwa kutufundisha. Sasa alikuwa anahamia Siaya kwa mwanawe, na aliomba jambo moja tu: ausikie Jumapili kabla ya safari. Truphena akajitolea kuihamishia faili ya wimbo huo kwenye programu mpya.

Herufi zilihama salama. Lakini vile vistari vidogo vinavyokaa chini ya herufi, vinavyoiambia besi, sauti nzito ya wanaume, ishuke, vilitawanyika ukurasa mzima. Truphena ni soprano tangu utotoni. Huko chini hajawahi kufika. Aliona uchafu, akaufuta wote, kisha akahifadhi juu ya faili ya zamani.

Jumamosi kwenye mazoezi, besi tulipanda kama tulivyoandikiwa. Willis, mwenzangu wa besi, alitokwa na mishipa ya shingo.

"Aai, Truphena! Unataka tuimbe kama kina mama?"

"Imbeni kilichoandikwa!"

"Kilichoandikwa kitaniua, dadangu!"

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Ndipo Truphena akatueleza alichofuta, akaelewa mwenyewe kosa lake, akaangua kilio. Kicheko kilinikaukia. Nakala nyingine haikuwepo, na Mwalimu alikuwa na siku moja tu.

Tulimfuata nyumbani, Truphena na kompyuta yake, mimi na Willis nyuma. Macho ya Mwalimu hayasomi tena. Alisikiliza maungamo yote, akacheka kutushinda.

"Kaa hapa, binti yangu. Besi ninayo kichwani."

Akawa anaimba polepole, Truphena anarudisha vistari kimoja kimoja, nasi tunajaribu. Karibu na mwisho, Willis alisahau, akapanda tena pale pa kushuka. Truphena alimkata jicho. Mwalimu akainua mkono.

"Rudia hapo."

Willis akarudia vilevile, safari hii kwa woga.

"Niweke kistari, Mwalimu?" Truphena aliuliza.

"Nilipoandika hapo, mke wangu, Mama Winny, alikuwa amelala chumba hicho, na mimi sikuweza kuinua sauti, nikaishusha." Akajifuta macho, akatabasamu. "Usiweke. Wacha wapande."

Jumapili tulipofika hapo, besi wote tulipanda, na Mwalimu akapanda nasi.