Binti yangu aliwaonyesha watu nisivyojua kusoma, sasa anataka nimwozeshe

Admin, nifichie jina, maana huku Temeke nikitajwa kwa kazi yangu tu wengi watanijua. Mie ni mzee wa miaka sabini na moja, fundi seremala. Milango niliyotengeneza ipo Tegeta, ipo Segerea, ipo mpaka Kibamba, na hajatokea mtu wa kunirudishia hata mmoja akasema umepinda. Hawa wanaojiita mafundi leo, wengi wamepita mikononi mwangu. Nina mke na watoto wanne. Wa mwisho, nitamwita Zuhura ingawa si jina lake, ndiye anayefanya chakula kisinipite.

Zuhura nilimsomesha kwa randa na msumeno. Sasa ana kazi ambayo mwanzoni nilikuwa siielewi. Anapanga sura ya programu za simu, yaani ukifungua simu kitufe kikae wapi, kiwe kikubwa kiasi gani, na picha ipi mtu akiiona aelewe bila kuuliza. Kazini kwao walikuwa wanatengeneza programu ya mafundi, ya kupokea oda na kujifunza mambo ya kazi. Akaniambia, "Baba, nataka uijaribu wewe." Nikamjibu amefanya la maana, maana angemfuata nani mwingine? Ikawa kila Jumamosi anakuja na chapati, tunakaa uani, ananipa simu. "Mteja anataka mlango," anasema. "Ingiza oda. Mie sikusaidii, nataka nione utafanyaje."

Sasa hapa mnielewe. Kusoma sikujaliwa. Namba nazijua, jina langu nalijua, basi. Wenzangu karakana hawajui hilo, wanachojua ni kwamba mzee kila siku kasahau miwani nyumbani. Anajua mke wangu, na Zuhura. Kwa hiyo kwenye ile simu nilikuwa nafuata picha na alama. Na sie karakana kwetu ubao ukiukagua ukaridhika nao, unaupiga chaki mistari miwili iliyokatana, maana yake upande huu mzuri, ndio utazame nje. Kwenye simu ilikuwepo alama hiyohiyo, juu pembeni. Nikimaliza oda naibonyeza. Kumbe kwao ile ni ya kufuta. Kila oda niliyoingiza niliifuta kwa mkono wangu, na huku natamba, "Imeingia hiyo, fundi hakosei." Zuhura simu yake nyingine ameisimamisha mezani inanirekodi. Nikadhani mtoto anaweka kumbukumbu ya baba yake.

Baadaye alikuja kuibadilisha. Ile alama akaitoa, akaweka picha ya mlango, na maiki kubwa chini, nikisema yenyewe inaandika. Hata haya mnayosoma nayasema kwa hiyohiyo maiki. Kazi anaijua, hilo simnyimi.

Siku ya kuwaonyesha wakubwa zao, kwenye ukumbi mmoja Kinondoni, akanialika. Nikavaa kanzu na koti, karakana nzima nikaiaga. Nikakaa pembeni ya mchumba wake, wanafanya kazi pamoja. Mara naiona sura yangu ukutani, imejaa ukuta mzima. Nabonyeza, nafuta. Nabonyeza tena, nafuta tena, na "fundi hakosei" juu yake. Ukumbi ukacheka. Mkwe mtarajiwa naye akacheka, kaziba mdomo kwa mkono, lakini nilimwona. Halafu mwanangu akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu mtumiaji wetu hajui kusoma." Hakusema baba yangu. Alisema mtumiaji wetu.

Nikainuka nikaondoka. Jioni akanifuata nyumbani.

"Baba, sikukucheka. Nilikuwa nawaonyesha kwamba kosa ni letu, si lako."

"Kosa lenu, mbona sura yangu?"

"Ningewaambia kwa mdomo wasingeamini."

"Ungeniomba kwanza."

"Ningekuomba ungekataa, baba."

"Ndiyo, ningekataa. Ndiyo maana mtu huombwa."

Akaanza kulia. Na mie nikamaliza, "Mwezi huu unaolewa. Walii katafute humohumo kwenye simu yako." Mama yake akaniambia nimenena vibaya. Sijarudisha neno langu.

Ndoa ni Ijumaa hii baada ya swala. Sie Waislamu, baba akiwepo ndiye walii, ndiye anayemwozesha binti, au ampe mtu ruhusa asimame badala yake. Juzi mdogo wangu kaja. "Shikamoo kaka. Mtoto kanifuata nisimame mie. Toa ruhusa tu, wewe kaa nyumbani ununie viti vyako." Nikamwambia aniachie nifikiri. Akasema, "Wewe ubao ukikataa unaulowesha unalainika. Wewe mwenyewe tukuloweshe na nini?"

Jana Zuhura katuma ujumbe wa sauti. Anasema video wameitoa, na mchumba wake anaomba kuja kuniangukia. Anasema, "Baba mdogo nilimfuata kwa hasira. Sitaki kuozeshwa na mtu mwingine nawe uko hai. Usipokuja naahirisha, hata wageni wakishafika." Nimeusikiliza mpaka mama yake akaninyang'anya simu.

Nikienda, nitashika mkono wa kijana aliyenicheka nimwambie nimekuozesha binti yangu, mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwa ukumbini. Nisipoenda, mwanangu atakaa na hina mikononi, haolewi, na wa kulaumiwa ni mie. Moyo umenivunjika kote kuwili.

Nyie wenye mabinti, niambieni, Ijumaa niende au nibaki nyumbani? Wa kunisema aniseme. Ila nawaomba mnijibu kwa sauti. Mkiandika, sitaweza kusoma.