Faili Nililozuiwa Kulifuta

Usidhani nimechanganyikiwa. Haya yalinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Kibiti, miaka ile kompyuta ndiyo kwanza zinaingia kwetu.

Nilikuwa natunza seva, kompyuta kuu ya mradi uliokuwa ukiandikisha waliozaliwa na waliofariki vijijini. Chochote kilichoandikwa au kufutwa, seva ilikiweka kwenye faili la kumbukumbu, pamoja na jina la aliyefanya. Diski ilikuwa ndogo, basi kila Ijumaa nilianzisha faili jipya na kufuta la zamani kabisa. Yalibaki saba tu.

Wiki hiyo Shomari, mwenzangu wa kuingiza taarifa, alinikalia kooni.

"Dada, hilo la zamani si ulifute leo? Mashine itajaa."

Ilikuwa Jumanne. Tangu lini Shomari akajali mashine?

Ijumaa wanaume walikwenda msikitini, nikajifungia peke yangu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe niliposikia nyuma yangu:

"Shikamoo, dada."

Binti wa kama miaka ishirini, kajitanda kanga, amekaa kwenye kiti cha Shomari. Niamini, mlango niliufunga kwa ufunguo.

"Marahaba. Umepitia wapi wewe?"

"Natoka Chumbi. Naitwa Mwanahawa. Hilo usilifute, dada. Nimo humo."

Nani kamwambia kazi yangu? Nikajua tu, Shomari kamtuma anipime kama nitalifuta kweli. Nikageukia kioo cha kompyuta, nikalitafuta hilo jina ndani ya faili ili nimuumbue. Nikaliona: Mwanahawa, Chumbi, amefariki, sababu, kipigo cha mume. Mstari wa chini yake: taarifa imefutwa. Aliyefuta: Shomari.

Nilipogeuka, kiti kitupu. Mlango umefungwa, ufunguo ninao mimi.

Nilichapa ukurasa ule, nikampelekea mkuu wetu. Jumatatu tulifika Chumbi. Mama wa marehemu alinishika mkono asiuachie.

"Wakwe walisema ni homa. Mimi nilimweleza mwandikishaji wenu ukweli, mwanangu, akaandika. Mbona hamkurudi?"

Mume yule alikuwa mdogo wake Shomari, tumbo moja. Alikamatwa, na Shomari akafukuzwa kazi.

Mimi niliomba uhamisho. Hadi leo mtu akinisalimia kwa nyuma, napiga kelele, wanangu wamezoea.

Nawe unayetunza kumbukumbu za watu, anayekuharakisha ufute, mtilie shaka. Lisome faili mpaka mwisho, usingoje kuombwa na mwenye jina.