Katunge na Taa ya Matumbawe

Katunge alikuwa na kitalu cha miche ya maembe nje kidogo ya Matuu, na sifa yake ilifika mbali, kwa kuwa mche wake ukiupanda unashika. Lakini kilichokuwa sebuleni kwake wengi hawakukisadiki mpaka wajionee: tangi la kioo lililojaa maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe hai, ya zambarau, ya kijani na ya rangi ya chungwa, yakipunga vidole vyake laini majini.

Tangi lilikuwa la dadake, Nzilani, aliyekuwa akiishi Mlolongo mpaka alipopata kazi Qatar. Kabla ya kusafiri alimfundisha Katunge kuchanganya chumvi na kupima joto la maji, kisha akamkanya jambo moja.

"Hawa ni wanyama, lakini ndani ya miili yao kuna mimea midogo sana, na hiyo ndiyo inayowalisha. Wakikosa mwanga, wanakufa njaa."

Miezi minne ilipita salama. Halafu Jumanne moja stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, na taa ya tangi ikalia paa! Ikazimika kabisa.

"Mama Mike, si uweke tu balbu ya jikoni?" mumewe, Wambua, alisema huku akipuliza chai.

"Wewe unaweza kula ugali mtupu wiki nzima?"

"Nishawahi."

"Na ulinuna mpaka Jumapili."

Kesho yake Katunge alikwenda Machakos mjini, kwenye duka la vifaa vya stima la Salah. Baba yake Salah alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, lakini yeye mwenyewe alipenda nyaya tangu utotoni.

"Mama, hapa hakuna taa nisiyokuwa nayo," alijigamba. "Unataka ya wapi?"

"Ya matumbawe."

Salah alikuna ndevu. "Matumbawe ni mtaa gani huo?"

Katunge alicheka mpaka akashika kaunta. Alipomweleza, Salah alimtolea taa nyeupe kali, ya aina inayowekwa mahali pa ujenzi. "Hii hata jua linaionea wivu," alisema.

Siku kumi baadaye kioo kilikuwa kimeota mwani wa kijani kama bwawa la kunyweshea mifugo, na matumbawe yamejikunja kama ngumi. Katunge alirudi dukani na ile taa, na picha kwenye simu.

"Salah, umenipa taa ya kukuza mwani."

Salah hakubisha. Aliipokea taa yake, akamvutia Katunge kiti, akampigia simu binamu yake Barni, aliyeuza samaki wa mapambo Nairobi. Aliweka sauti juu ili wote wasikie.

"Ni matumbawe laini ama magumu?" Barni aliuliza.

"Laini."

"Na maji yana kina gani?"

Katunge alinyoosha mkono na kujipima. "Kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko."

"Basi sikiliza, Mama. Mwanga wa buluu ndio unaopenya mbali zaidi baharini, na matumbawe yameuzoea huo. Niko na taa mbili, kila moja ina mwanga wa buluu na mweupe. Kubwa ni ya matumbawe magumu. Ndogo inakutosha, na ina vitufe vya kuongeza na kupunguza kila rangi."

"Chukua kubwa!" Salah alidakia. "Ni nani amewahi kulalamika kwamba nyumbani kwake kuna mwanga mwingi?"

Katunge alifikiri kidogo. Kitaluni kwake alishaona mbolea nyingi ikiua mche mzuri. "Nitumieni ndogo," akasema.

Taa ilipofika, matumbawe yakiwa yamekaa siku kadhaa bila taa, Wambua aliining'iniza juu ya tangi. Katunge, kwa furaha, akabonyeza vitufe vyote mpaka mwisho. Sebule ikageuka buluu, naye akapiga vigelegele.

Siku ya tatu, tumbawe la rangi ya chungwa lilikuwa limepauka kama leso iliyosahauliwa kwenye kamba. Katunge aliinama mbele ya kioo. Alimfikiria Nzilani. Kisha ghafla akajipiga paji la uso.

"Asi! Mimi ninayewafokea wateja kila siku! Mche uliotoka kivulini hautupwi juani siku hiyo hiyo!"

Alitoka mbio hadi kitaluni, akakata vipande vitatu vya ile neti nyeusi ya kivuli, akaviosha vizuri, akavitandaza juu ya tangi, chini ya taa. Akapunguza mwanga, hasa ule mweupe, na kumwambia Wambua apandishe taa shubiri moja. Wiki ya pili aliondoa kipande kimoja. Wiki ya tatu, kingine. Kila asubuhi alichungulia kabla hata ya kunywa chai.

Kwanza vidole vilifunguka. Kisha rangi ikaanza kurudi, kutoka pembezoni kuelekea katikati, ikakolea kuliko mwanzo. Mwisho wa mwezi, karibu na tumbawe la rangi ya chungwa, kulikuwa na kadogo kengine kapya, sawa na punje ya mahindi.

Jumapili moja Salah alikuja kujionea, pamoja na mkewe Hafso. Katunge alidondosha kipande kidogo cha kamba wa baharini, tumbawe likakipokea na kukifumbata taratibu.

"Kumbe ana mdomo!" Hafso alipiga ukelele, akaangua kicheko. "Salah, na mimi nataka."

Salah alisogea, akainua mkono kuishusha taa karibu na maji, ili mkewe aone vizuri.

"Wacha hiyo taa!" Wambua aliruka kutoka kitini. "Unataka kuyachoma? Inashushwa kidole kimoja kwa wiki, si zaidi!"

Katunge aligeuka akamtazama mumewe, yule yule wa balbu ya jikoni, mdomo wazi.