Tawi la Sale Alilonipa Shemeji

Asifiwe Mungu aliyeweka maji ndani ya Mlima Meru kabla hajatuweka sisi chini yake, na aliyenipa uzee wa kuyakumbuka haya.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mitumba ikajaa Arusha mjini na magari ya wageni yakaanza kupanda huku kwetu juu ya Usa River, mdogo wa mke wangu alinijia na wazo. Tuwaonyeshe wageni chemchemi yetu na msitu mdogo unaoifunika, ambao wazee walikataza usikatwe. Nilikuwa mzee wa kanisa, wala sikuona dhambi kusimulia tulivyotunza maji. Nikakubali kwa sharti moja: msitu usiguswe. Wageni wakaja, wakatembea kwa miguu, wakala ndizi kwa kina mama, na kwa fedha zao shule ikapata bomba la maji.

Mwaka wa tatu nilirudi kutoka mkutano wa kanisa nikakuta mti mkubwa wa mringaringa msituni umekatwa, umelala chini. Shemeji alitaka uwanja wa mahema. Nikaacha kumsemesha, masika yote.

Asubuhi moja akaingia uani kwangu, ameshika tawi la sale kwa mikono miwili. Kwetu Wameru, mkosaji akikuletea sale huna ruhusa ya kulikataa, hata kama alimwaga damu. Nyuma yake walisimama wageni saba. Nikadhani amewaleta wawe mashahidi.

"Shikamoo, shemeji. Nimekosa."

"Marahaba," nikasema. Nikalipokea, nikamkumbatia, nikalia mbele za watu. Kamera zikamulika.

Wageni waliposhuka kwenda garini, yeye alibaki akinipigapiga bega.

"Umeweza sana, shemeji! Mpaka machozi! Kesho saa nne nina kundi jingine. Ila ukatae kwanza kidogo, ndivyo wanavyopenda."

"Kwa hiyo hukuja kuomba msamaha?"

"Aah, shemeji nawe! Si mambo ya kale tu tunawaonyesha?"

Mti uliniuma, neno hilo liliniuma zaidi. Msitu ule haukuwa na uzio wala askari. Ulilindwa na watu walioamini kwamba katazo ni katazo na sale ni sale, na wageni walikuja kuona kilichosalia kwa sababu hiyo. Tukiigeuza imani hiyo mchezo, kesho nani atauzuia msumeno?

Saa nne ya siku ya pili hakunikuta uani. Nilikuwa msituni, nikilichomeka lile tawi kando ya kisiki. Sale likishapokelewa halirudishwi. Yeye alilitoa kwa mchezo, mimi nililipokea kwa moyo wote, basi nimesamehe. Kumwamini bado sijaweza; hilo namwachia Mungu. Tawi limeota.

Nawe usomaye, Bwana akulinde na mkono unaoomba msamaha huku jicho likitazama kwingine. Na mkono huo ukifika mlangoni kwako, akupe moyo wa kuupokea.