Pa Kulaza Gari

Kaka yangu aliuliza bei kabla ya kusalimia. Alisimamisha ligari lake jeupe pembeni ya uwanja wetu, hapa Newala, akatoa kichwa dirishani upande wa kushoto, maana usukani wa huko alikotoka uko kushoto, akaniambia mimi niliyekuwa nafagia: "Samahani dada, kulaza gari hapa usiku mmoja ni kiasi gani?"

Aliondoka nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Sasa nilikuwa mama wa watoto wawili, mwenye mvi za mapema, kwa hiyo kutonitambua nilimsamehe. Nilichoshindwa kumsamehe ni kwamba uwanja aliutambua. Aliujia moja kwa moja kutoka barabarani bila kuuliza njia, akapiga breki mbele ya nyumba aliyozaliwa, halafu akauliza bei.

"Shikamoo kaka," nikamwambia. "Kwa mama yako ni bure."

Hakucheka. Alishusha pumzi, akauliza kama pana bomba karibu.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Ndani kulikuwa na kitanda, jiko, choo, na kabati lisilofunguka bila kuligonga ngumi. Alilileta kwa meli kutoka Italia, ushuru wa bandarini ukamkamua mpaka akabaki na gari na nguo. Watoto wa mtaa walilizunguka siku nzima wakilipapasa. Mama alitoka ndani na mwiko mkononi, akamshika mwanawe usoni, akalia, kisha akasema jambo moja alilokuwa nalo moyoni miaka yote: "Leo utalala ndani."

Huyu mama alikuwa amemjengea chumba. Alikijenga kwa fedha za mikorosho ambayo kaka aliiacha ikiwa michanga, msimu baada ya msimu, bati kwanza, saruji baadaye, mwisho godoro. Mimi niliporudi nyumbani baada ya mume wangu kunichoka, nililazwa stoo na wanangu, katikati ya magunia. Chumba cha kaka kilikuwa kitupu, kina kufuli, na godoro lake halijatolewa kwenye nailoni. Nilikiomba. Mama alinijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi: "Wewe upo. Yeye akija atalala wapi?"

Basi alikuja, akalala kwenye gari.

Alisema mgongo wake umeshazoea kile kitanda. Mama akasema hata kesho si mbaya. Asubuhi alilitoa godoro, akalianika juani, jioni akalirudisha, akatandika shuka lenye maua. Kesho yake vilevile. Mimi nilikuwa nalitazama lile godoro likipigwa jua na wanangu wakijikuna kwa vumbi la magunia, na moyo wangu ulikuwa mbaya. Siusingizii.

Kaka maneno hayakumpungukia. Jioni tulikula ming'oko, vile viazi vya porini, naye akasimulia ziwa lake la huko Italia. Ni ziwa kubwa lenye milima, watu wa Ulaya nzima wanakwenda kupunga upepo. Yeye alikwenda kwa mpango wa kusoma, masomo yakafa, akaishia kuosha vyombo kwenye hoteli za pale. Chumba cha kupanga kando ya ziwa ni cha matajiri, kwa hiyo alinunua gari kuukuu la kulala, na miaka yake yote iliyobaki ilikuwa ni kazi ya kutafuta pa kulilaza kwa bei nafuu. Viwanja vya kambi vilivyo ufukweni vina maji, umeme na bustani, lakini kiangazi bei inapanda mpaka mshahara wote unabaki getini. Maegesho mengine wamefunga chuma kwa juu ili gari refu lisiingie. Mwenye shamba la mizabibu anakuruhusu ukinunua divai yake. Padri mmoja alimwacha alale nyuma ya kanisa, sharti awe ameondoka kabla waumini hawajafika. Mahali pengine polisi wanagonga kioo alfajiri, na ukichelewa kuondoka wanakuandikia faini.

"Lakini pazuri kuliko pote," alisema, na uso wake ukachangamka, "ni makaburini. Maegesho ya makaburi ni bure. Pametulia, hakuna anayekusumbua, na kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua."

Mama aliweka chini bakuli lake. "Ulikuwa unalala makaburini?"

"Nje ya ukuta, mama."

"Na huko kote hakuna mtu aliyekuambia karibu ndani?"

Kaka alicheka. "Huko karibu ni ya kulipia, mama."

Mama hakucheka. Usiku ule alikaa kitandani muda mrefu bila kuzima taa. Mimi nilimwonea kaka huruma kidogo, kwa muda wa kuosha vyombo hivi, kisha nikakuta kisima kimeshuka. Sisi juu ya uwanda huu tunaishi kwa maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati na kuhifadhiwa kisimani, na yakiisha tunanunua madumu yanayopandishwa na bodaboda. Kaka alikuwa amejaza tangi la gari lake bila kumwambia mtu, na kabla ya hapo alilisuuza. Nilipopandisha sauti, mama akasema, "Mwache. Mgeni huyo."

Asubuhi moja mama alimpelekea uji. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri, na umande bado ulikuwa mwingi. Aliushika kwa kanga usimuunguze, akaenda mpaka ubavuni mwa gari, akagonga kioo kwa kucha, taratibu, mara mbili. Injini ikawaka. Gari likaruka mbele na taa zake zikiwa zimezimwa, likapita kando ya mama, likatokea barabarani, likasimama mbele ya msikiti. Kaka alikuwa ameshika usukani akiwa na kaptula tu, bado ana usingizi machoni. Alidhani ni polisi wa ziwani. Mama alibaki amesimama palepale kwenye vumbi, uji umemwagika mkononi na kwenye kanga, na bakuli bado ameliinua, kana kwamba kioo kingali mbele yake.

Mkono ulimbabuka. Niliupaka asali, nikamwambia ukweli: "Mwanao amekuwa mwizi wa usingizi. Haibi kingine, anaiba pa kulala na kukimbia." Mama aliniambia ninyamaze.

Kaka aliona aibu. Nampa hilo. Lakini badala ya aibu kumwingiza ndani, ilimpeleka mbali. Alisema hapa nyumbani pana kelele, majogoo, spika, watoto wa kupiga bodi ya gari. Akaanza kuuzunguka uwanda kama alivyolizunguka ziwa. Alilaza gari ukingoni pale Shimo la Mungu, uwanda unapokatika ghafla, akatupigia simu asubuhi kutuambia ukungu umejaa bondeni hata huoni chini, ni ziwa tupu. Akateremka Masasi, akapata nafasi nyuma ya kituo cha mafuta, chini ya mawe makubwa. Akaenda Lukuledi karibu na misheni. Akaenda Lisekese kwa mkulima aliyemruhusu kwa bei ya soda. Kila alipopata pa bei rahisi alipiga simu kwa furaha, na kila mara mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Chumba chako kipo."

Kila jioni mama aliniuliza, "Leo analala wapi?" Nami nilimwambia, bila kumpunguzia. Leo kwenye gereji. Leo nje ya ukuta wa ghala la korosho, na mlinzi kampa bomba. Nilitaka akome kuanika lile godoro. Hakukoma. Alipoanza kuugua na mikono ikakosa nguvu, alinituma mimi nilianike, na mimi nililianika, nikilipiga fimbo kuliko vumbi lilivyostahili.

Ugonjwa wake haukuchukua muda. Hospitali walimpa dawa, wakaniambia nimrudishe nyumbani akapumzike, na jinsi daktari alivyosema lile neno nilielewa. Jioni ile aliomba jambo lake lilelile. "Mpigie. Mwambie aje alale."

Nilipiga. Alikuwa Masasi. Kutoka Masasi kupanda Newala si safari ya kumtisha mtu aliyevuka nchi na nchi. Niliweka spika, maana nilitaka mama asikie sauti yake, na pia, nasema wazi, nilitaka asikie jibu lake.

"Mama amezidiwa," nikamwambia. "Anataka ulale nyumbani leo."

Akasema: "Nitafika asubuhi na mapema. Hapa nimeshalipia usiku huu."

Sidhani alikuwa mtu mkatili. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba hata ukatili hakuwa nao. Ni mtu aliyefundishwa kwamba usiku uliolipiwa hauachwi. Nilimtazama mama. Alikuwa ametulia kabisa.

"Basi," akasema, "kama ameshalipa."

Hakusema tena neno la maana baada ya hapo. Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Kaka aliingia uwanjani jua likiwa limeshachomoza, kama alivyoahidi, akakuta wanawake wameshatandika mikeka na mimi nimeketi katikati yao. Alilia sana. Alilia kwa kelele mpaka wazee wakamshika mabega. Mimi nilikuwa nimemaliza kulia.

Tulimzika mama mwisho wa shamba, penye makaburi ya ukoo, chini ya mikorosho. Watu wakarudi kwenye matanga, moshi wa ugali ukafuka, jioni ikaingia. Kaka alinifuata jikoni. Alikuwa na begi dogo begani na mswaki mkononi.

"Leo nitalala chumbani kwangu," akasema.

"Wanangu wamelala humo."

Ilikuwa kweli. Niliwahamishia humo siku hiyohiyo. Ufunguo nilikuwa nao, lakini nilivunja kufuli kwa nyundo ya mama mwenyewe, na nailoni ya godoro, aliyokuwa ameikunja na kuitunza, nikaichoma jikoni.

"Hata chini, dada. Kwenye mkeka."

"Chini pana shangazi zako." Nilikuwa nasonga ugali, sikugeuka. "Ila ipo sehemu nzuri. Ni bure, pametulia, hakuna wa kukusumbua. Pale makaburini. Bomba tu ndilo halipo."

Nilisikia mswaki ukigonga kwenye zipu ya begi. Kisha nikasikia injini, na taa za gari zikapita kwenye ukuta wa jiko zikielekea shambani.

Kulipopambazuka nilichukua uji, kwa sababu mfiwa hanyimwi uji, hata huyu. Nikaushika kwa kanga ileile. Gari lilikuwa limesimama karibu sana na udongo mbichi, na pua yake, kwa mara ya kwanza, haikuelekea barabarani. Niligonga kioo kwa kucha, mara mbili, nikaruka pembeni kukwepa.

Injini haikuwaka. Mlango ulifunguka palepale, kama mtu aliyekuwa ameshika kitasa usiku kucha.

"Karibu ndani, mama," akasema.

Kisha akaniona. Nikampa bakuli, nikarudi kufagia uwanja.